Vidonge Juu ya Ubao wa Mboga

Kila Jumamosi asubuhi, Daon, msichana wa miaka kumi na miwili, alisafisha bafu la nyumba yao mjini Jeonju, Korea Kusini. Siku hizo tundu la maji lilikuwa likizibwa na nywele fupi nyeusi. Zilikuwa za kaka yake, Gyuho, aliyemaliza utumishi wa jeshi na sasa alikuwa akitafuta kazi.

"Kaka, nywele za paji lako zimerudi nyuma hadi zimeandika herufi M!" Daon alimtania.

"Nyamaza, chura wee! Njoo unisaidie, na usimwambie mtu."

"Haya, simwambii."

Jikoni, Gyuho alimwonyesha pakiti ya vidonge. Rafiki yake alikuwa amevichukua kwa baba yake mwenyewe, mzee anayetibiwa tezi dume.

"Ndiyo dawa ile ile ya nywele, ila hii ina nguvu zaidi. Vijana wanaikata vipande vinne."

"Si uende kwa daktari?"

"Nikamwambie nini? Kwamba kijana mzima naota kipara? Aibu gani hiyo!"

Daon alivikata kwa kisu juu ya ubao wa mboga, na unga mweupe ukatapakaa. Gyuho alikusanya vipande akaenda navyo chumbani. Daon alipookota karatasi ya maelezo iliyotoka kwenye pakiti ili aitupe, aliona mstari ulioandikwa kwa wino mzito: mwanamke mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwani dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Wakati huo huo aliingia dada yao mkubwa, Hyerim. Mimba yake ilikuwa changa, na kichefuchefu kilikuwa kimemrudisha kwa mama yake apate kutunzwa.

"Nipishe, mdogo wangu. Leo nina hamu ya figili," alisema, akiunyooshea mkono ubao.

Daon aliikumbuka ahadi yake. Kisha akaunyakua ubao.

"Usiguse, dada! Tumekatia hapo dawa ya nywele ya kaka, na wewe una mimba!"

Gyuho alitoka mbio, uso umemwiva. "Msaliti wee! Si uliniahidi?"

Daon alimpa karatasi. Gyuho aliisoma, akamwita Mama. Mama alipoambiwa, alimwamuru Hyerim akae sebuleni, akautupa ubao, kisha akamsimamia Gyuho alipokuwa akiiosha meza akiwa amevaa glovu.

Jumatatu, Mama alimpeleka Gyuho kwa daktari wa ngozi.

"Hali hii hurithiwa, nayo huwapata vijana wengi," daktari alieleza. "Nitakuandikia kidonge kizima cha kipimo chako. Kinywe kila siku, na uvumilie miezi kadhaa. Ukiona badiliko lolote mwilini, au ukipata huzuni isiyoisha, usinifiche."

Gyuho alifuata maagizo. Kufikia majira ya baridi, nywele za mbele zilikuwa zimeacha kurudi nyuma, na nyingine laini zilikuwa zimechipua. Hazikurudi zote, lakini alianza kwenda kwenye usaili bila kofia. Hyerim naye alijifungua salama mtoto wa kiume.

Siku walipokwenda kumwona, Mama alimpakata mjukuu wake, akawageukia wanawe.

"Daon, siri inayoweza kumdhuru mtu haitunzwi, hata kama uliahidi. Nawe, Gyuho, ulikuwa unamwonea daktari haya ya nusu saa. Je, huyu, kama angedhurika, ungemwonea haya kwa miaka mingapi?"

Gyuho aliinama, akakibusu kiganja cha mtoto.