Chini ya Zulia la Gari Jekundu

Maiti alikuwa amekaa vizuri kuliko abiria yeyote wa barabara ya Iganga. Mkanda umefungwa, mikono juu ya mapaja, kofia kichwani. Kama si damu iliyoganda nyuma ya sikio la kushoto, ungesema Makokha amesinzia tu akimngoja dereva.

Lakini Makokha hakuwa na dereva. Alikuwa Mkenya muuza magari yaliyotumika, na gari alimokutwa lilikuwa mali yake: jekundu, la spoti, viti viwili, paa la turubai la kufungua na kufunga. Lilisimama katika yadi yake ya Bugembe, paa limefungwa, ufunguo mahali pake. Mlinzi alikiri kwamba jana jioni, mvua ikinyesha, aliona taa za gari likiingia. Akajua ni bosi wake, akajifunika blanketi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Oktoba 1997. Inspekta Sebit wa upelelezi, Jinja, alilizunguka gari hilo mara tatu. Hakuwa mtu wa kutulia, na mwaka huu alizidi. Mwaka uliopita alimpeleka mtu mahakamani upesi upesi ili kuwaridhisha wakubwa. Mtu yule alifia rumande, na wiki mbili baadaye mwizi wa kweli akapatikana. Tangu hapo Sebit hakupata usingizi wa maana.

"Wameiba nini?" aliuliza.

"Hakuna, afande." Sajini Nabifo, mwanamke wa Mbale, alikuwa ameinama dirishani. "Saa iko mkononi. Pochi ipo. Na hii ilikuwa kwenye mfuko wa shati."

Ilikuwa bahasha ya kaki, imebandikwa, imenona noti.

"Ya nani?"

"Ya fundi. Afande hujawahi kununua gari? Mnunuzi huja na fundi wake aliangalie. Muuzaji naye humwandalia fundi bahasha, ili macho yake yasione mbali. Wote wanajua, isipokuwa mnunuzi."

"Basi fundi hakuja, au alikuja akaikataa."

"Sijawahi kumwona fundi wa kuikataa," alisema Nabifo.

Sebit alifungua mlango. Kitini, chini ya mapaja ya marehemu na ndani ya kola yake, kulikuwa na mamia ya wadudu wadogo waliokufa. Sami, wale wanaopanda kutoka ziwani kama moshi.

Brendah, aliyeuza chai nje ya yadi, alitikisa kichwa. "Sami hapa? Hapana, afande. Hapa ziwa iko mbali. Jana nilikuwa hapa mpaka jioni, sikuona hata moja."

Kwa hiyo gari lilikuwa wazi karibu na ziwa siku ya Jumapili. Viti vilikuwa vikavu, na mvua ilianza saa kumi na mbili jioni. Mtu alilifunga paa kabla ya mvua, akamleta Makokha yadini kwake akiwa amekwisha kufa.

"Ulisikia ugomvi wowote?" Sebit alimwuliza Brendah.

"Jumamosi. Huyo kijana Andrew wa Walukuba. Alipiga kelele: 'Ukiuzia mutu mwingine hii gari, tutaonana!' Watu wote walisikia."

Kufikia saa sita mchana Andrew alikuwa ndani. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye usukani. Mkuu wa kituo alisugua mikono kwa furaha. "Safi sana, Sebit. Ijumaa afikishwe mahakamani."

Sebit alikwenda mahabusu.

Andrew Mugweri alikuwa mtunza stoo kiwandani, miaka ishirini na minane, shati limepigwa pasi hata mahabusu.

"Ulimtishia marehemu."

"Nilimtishia kwa ajili ya gari, afande. Sikumtishia roho."

"Kwa nini gari hilo? Mtunza stoo anataka nini na gari la spoti?"

Andrew aliona aibu. "Ninaoa Jumamosi. Bibi harusi anatoka Mbale. Nilitaka tupite naye kila mji, watu wote wamwone. Nimeweka akiba miaka minne. Si nyingi, si kidogo. Magari ya wazi yalikuwa matatu tu. La kwanza la Kijapani, injini kama saa, lakini paa limechanika, na turubai jipya linapita uwezo wangu. La pili waliliacha Wahindi walipofukuzwa mwaka wa sabini na mbili. Zuri, lakini vipuri vyake ukavitafute mbinguni. La tatu ndilo hili."

"Na rangi ikakuroga."

"Kidogo. Lakini fundi wangu Nyongesa alinionya kwa simu: 'Usitazame rangi. Gari la wazi halina paa la chuma la kulishikilia. Linashikiliwa na tumbo lake. Likioza chini ya zulia, limekwisha.' Ndiyo maana nilimwita atoke Mbale aje kuliangalia."

"Alikuja?"

"Hapana. Jumapili mimi na Makokha tulilipeleka Walukuba, kule ziwani, paa wazi, tukamngoja. Saa tisa nikamwacha Makokha pale, nikaenda kumleta mjomba wangu Yekosofati alione. Mjomba alikataa kutoka nyumbani. Anasema gari bila paa ni kitanda chenye magurudumu. Tulibishana mpaka jioni. Niliporudi, gari halipo. Leo asubuhi Nyongesa alinipigia simu kazini. Anasema taksi iliwaharibikia Iganga, akageuza."

"Shahidi wako ni mjomba wako peke yake?"

"Ndiyo, afande." Alimeza mate. "Harusi ni Jumamosi."

Mzee Yekosofati alithibitisha kila neno kwa hasira. Mkuu wa kituo alicheka. Mjomba, alisema, atasema nini kingine?

Jumanne asubuhi Sebit alirudi kwenye gari. Maneno ya yule fundi yalikuwa yakimwasha. Alifungua mlango wa abiria, akalinyanyua zulia.

Mtu alikuwa amemtangulia. Chini ya mlango rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa bisibisi, na mkwaruzo ulikuwa mpya. Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na pati ya kuzibia mashimo. Chini ya pati kulikuwa na rangi nyeupe, na chini ya nyeupe, kutu tupu. Kando yake palikuwa na alama ya chaki: duara lenye msalaba ndani. Sami watatu walikuwa wamenasa kwenye grisi juu ya chaki ile.

"Mnunuzi mwenye hasira hakwangui," Sebit alisema. "Anayekwangua ni fundi. Na alikwangua Jumapili, sami wakiwapo."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Nabifo aliguna. "Hili limetembezwa sana." Alikuwa ameshainakili namba ya chasisi ili aiulizie kwenye vituo vingine.

Jioni polisi wa Mbale walijibu simu. Namba ile ilikuwa kwenye jalada la ajali, Agosti 1995. Gari jeupe la wazi, la kukodisha kwa harusi, lilivunjika katikati darajani. Dereva alipona. Aliyekufa ni msichana aliyemsindikiza bibi harusi: Ivy, miaka kumi na tisa, binti wa Roselyn, mshonaji wa mtaa wa Namakwekwe.

Jumatano Sebit aliendesha mpaka Mbale bila kusimama hata kunywa soda. Nabifo alishikilia dashibodi na kusali kimya kimya.

Roselyn alikuwa akikata kitambaa mezani. Aliwakaribisha bila kuuliza wanataka nini.

"Lilijikunja kama kitabu," alisema. "Bibi harusi alikuwa ameshuka. Ivy alibaki peke yake nyuma ya dereva, ameketi juu ya ile sehemu ya kukunjia paa, anapungia watu. Dereva alisema aliendesha polepole. Hakuna aliyemwamini."

"Nani aliliangalia gari kabla halijanunuliwa, mama?"

Mkasi ulisimama. Roselyn alimtazama Sebit usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mwanangu Nyongesa. Ni fundi. Alisema gari ni zima."

Kisha akaendelea kukata.

Gereji ya Nyongesa ilikuwa nyuma ya soko. Mwenyewe alitoka chini ya lori, mrefu, mkavu, mikono myeusi kwa oili. Sebit hakumtazama yeye kwanza. Alitazama magari. Kwenye springi ya lori, duara na msalaba. Kwenye mlango wa pikapu, duara na msalaba.

"Alama hii ni ya nini?"

"Pabovu, afande. Ili mteja apaone."

"Mafundi wote wa Mbale huchora hivi?"

"Hapana. Ni yangu."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Iganga. Taksi iliharibika."

"Hukufika Jinja?"

"Sikufika."

Sebit alimpa picha ya ile chaki chini ya zulia, iliyopigwa na mpiga picha wa polisi. Nyongesa aliitazama, kisha akautazama mkono wake wa kulia.

"Mkono umezoea," alisema taratibu. "Hata sikumbuki kuchora."

"Na baada ya kuchora, mkono huo ulifanya nini?"

Nyongesa aliirudisha picha.

"Andrew yuko ndani siku ya tatu. Ijumaa anashitakiwa kwa kuua."

"Andrew?" Nyongesa alishtuka kweli. "Nilidhani mtasema ni majambazi." Akachukua kitambaa, akafuta mikono kidole kwa kidole. "Twende, afande. Tusiongelee hapa. Mama hupita hapa akitoka sokoni."

Maelezo yake aliyatoa Jinja, jioni ile ile, baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema lolote.

"Nilifika Walukuba saa kumi na moja. Makokha alikuwa amekaa kiti cha abiria, sami wanamwingia puani, anacheka. Nikamwambia abaki hapo hapo, nataka uzito. Nikajaribu kufunga mlango. Ukakataa."

"Maana yake?"

"Gari limelegea mgongo. Mtu akikaa, linapinda, mlango haukutani na mahali pake mpaka uunyanyue kwa nguvu. Nikanyanyua zulia, nikakwangua. Lakini nilijua hata kabla sijaiona rangi nyeupe. Mlango ule uliwahi kunikatalia vile vile mara moja."

"Mwaka wa tisini na tano."

"Ndiyo. Nilijua, afande. Makokha alinipa bahasha, nikasema gari ni zima. Nilifikiri litakodishwa mwezi mmoja, watagundua, watalitupa. Sikujua dada yangu atapanda. Nilikuwa najenga nyumba."

Kalamu ya Sebit iliendelea kutembea.

"Nikamwambia, hili ndilo lililomuua Ivy. Akasema, 'Nimenunua mabaki yake, nimeyaunga, liko sawa.' Nikamwambia Andrew ataweka mke wake humu. Akanitia bahasha mfukoni, akacheka. Akasema, 'Mara ile hukuuliza maswali, ndugu yangu.' Spana ya magurudumu ilikuwa mkononi. Nilimpiga mara moja."

"Iko wapi?"

"Ziwani."

"Na bahasha?"

"Nilimrudishia mfukoni mwake."

"Kwa nini ulifunga paa?"

"Mvua ilikuwa inakuja." Nyongesa alionekana kushangazwa na swali. "Ningemwacha mtu anyeshewe? Nikamfunga mkanda asianguke, nikamrudisha kwake. Nikapanda taksi ya Mbale pale pale barabarani."

Sebit alisukuma karatasi mbele yake. Fundi hakuichukua kalamu.

"Afande, kunyongwa siogopi. Niandikie kwamba nilimuua kwa hasira, tumegombana. Bahasha ile ya kwanza iondoe. Mama hajui. Anasema ilikuwa mipango ya Mungu."

Sebit alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akasimama tena. Alimwonea huruma kijana huyu.

"Nikiiondoa, Makokha atakuwa ameuawa bure," alisema. "Na yule dereva wa gari la harusi ataendelea kuitwa muuaji mtaani. Siondoi."

Nyongesa alitia sahihi.

Andrew aliachiliwa Alhamisi. Alishukuru, alilia kidogo, akavaa mkanda na viatu. Halafu, mlangoni, akageuka.

"Afande, na lile gari? Litapigwa mnada?"

Sebit alimshika mkono, akampeleka uani mpaka kwenye gari. "Panda upande wa abiria. Haya, funga mlango."

Andrew alivuta. Mlango uligonga, ukarudi. Alivuta tena, ukagonga, ukarudi. Alishuka polepole, akajifuta mikono kwenye suruali kama aliyeshika kitu kichafu.

"Mjomba ana pikapu," alisema.

Ijumaa, asubuhi na mapema, Roselyn alifika kituoni na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Sebit alimpa kiti. Yeye mwenyewe alikaa, akainuka, akakaa. Angeweza kumwambia nusu. Wengi wangemwambia nusu na kuiita huruma. Alimwambia yote: mlango uliokataa, bahasha ya kwanza, nyumba iliyokuwa ikijengwa, bahasha ya pili.

Mama alisikiliza bila kukatiza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Pole."

"Nilijua."

Roselyn aliweka bakuli mezani.

"Siku ya mazishi ya Ivy, Nyongesa hakuweza kunitazama. Tangu siku hiyo hajala kwangu. Anakuja, anatengeneza mlango, anatengeneza cherehani, haketi mezani. Mtoto hakatai chakula cha mama yake bila sababu, afande. Nilikaa nikimngoja aseme. Ulipoingia kwangu nikakuambia ni yeye aliyeliangalia lile gari, ili angalau mtu mmoja amuulize."

"Kama angekuambia, ungefanya nini?"

"Ningempiga. Ningempiga mpaka nichoke, halafu ningempakulia. Miaka miwili, afande. Amemuua mtu kabla ya kuzungumza nami."

Alichukua bakuli lake, akauliza ni mlango gani wa mahabusu. Sebit alimtangulia ukumbini, akachukua funguo kwa askari wa zamu, akafungua mwenyewe.