Pana Mwenyewe

Jirani yetu, fundi cherehani, hakuwa mtu wa safari. Kila mwaka mumewe alimwahidi kwamba watavuka kwa kivuko, kisha wapande basi la milimani wakatembeze macho. Ahadi hiyo akafa nayo kitandani. Mjane akasema liwalo na liwe, nakwenda, naye nampeleka. Akabeba koti la marehemu, alilomshonea mwenyewe.

Asubuhi ile kivukoni ilipendeza, jamani! Maji yametulia tuli, ndege weupe wanafuata chombo. Abiria wenzake walipiga picha na watu wao. Yeye alitandaza koti kwenye benchi, ubavuni pake.

"Mama, hapa pana mtu?"

"Pana mwenyewe."

Si ndivyo tunavyoshikiana viti? Unaweka kitu, unasema pana mwenyewe, yamekwisha. Ila yeye aliyasema katikati ya maji, bila kumtaja huyo mwenyewe ni nani. Na kila aliposema, upweke ulimpungua kidogo.

Kwenye basi akalitandaza tena, kiti cha dirishani, ili marehemu aone vilima. Jua la mchana likambembeleza, akasinzia.

Alizinduliwa na utingo aliyekuwa akigawa maji. Akampa chupa mbili.

"Niko peke yangu, mwanangu."

Utingo akanong'ona, "Na huyu mzee aliyelala je?"

Mjane hakugeuka. Machozi ya furaha yalimtoka. Amekuja! Mume wangu amekuja! Akapeleka vidole polepole, akashika mkono wa koti.

Ndani mlikuwa na mkono.

Umelowa. Baridi. Akaubana. Ulikuwa mnene.

Marehemu wake alikuwa mwembamba kama ufito. Vipimo vyake alivijua kwa kiganja.

"Wewe nani?" akanong'ona.

Maji yakamtiririkia viatuni.

"Shusha! Shusha hapa hapa!"

Akashuka porini, koti akaliacha. Akadandia gari la kurudi, akavuka kivukoni amesimama wima, hataki benchi wala salamu. Alfajiri akafungua mlango wake.

Koti lilikuwa msumarini, linachuruzika. Vifungo vimefungwa vyote. Mishono ya mabegani imefumuka, na kitambaa kimetanuka kwa nje, kama kilichovaliwa na mtu mnene.

Mpaka leo kigoda cha wateja, kando ya cherehani yake, hakikauki. Ukienda kushonesha, simama tu. Na nakuomba sana, usimuulize kama pana mtu.