Kiganja cha Kushoto

Kasha lilikuwa tupu.

Inspekta Tak Hyeon-u alilitazama, kisha akatazama sakafu. Jana yake mafundi walitoboa dari kuweka mtambo wa kupozea hewa, na vumbi jeupe la saruji lilikuwa limetanda chumba kizima cha kuhifadhia picha.

"Asikanyage mtu," alisema.

"Mlango haujavunjwa," Sajini Ma Dong-pil alisema akiwa kizingitini. "Funguo ni mbili tu, afande. Moja anayo Bwana Pyo, Mkuu wa Kitengo cha Picha. Ya pili anayo msaidizi wake, Bi. Seol. Ndiye aliyetupigia simu."

Picha iliyoibwa ilikuwa ya mwaka wa kwanza wa vita. Wanaume wamefungwa mikono nyuma, wamepigishwa magoti ukingoni mwa handaki, askari wamesimama migongoni mwao na bunduki. Zaidi ya miaka hamsini ilikaa gizani, katika masanduku ya gereza lililokwisha kufungwa. Ilifika kwenye hifadhi ya nyaraka Jumatatu. Nakala haikuwapo. Na kesho asubuhi tume ingesikiliza madai ya familia za wafungwa wale, familia zilizoambiwa miaka yote kwamba watu wao walihamishwa tu, wakapotea njiani. Bila picha hiyo, uongo ungeshinda tena.

Tak alichuchumaa. Vumbini, mbele ya meza, kulikuwa na alama za magoti mawili. Mbele ya magoti, kiganja kimoja. Mbele ya kiganja, doa la duara: paji la uso. Alama zilijirudia, zimepandana.

"Ameinama mara mbili," alisema polepole. "Aliye hai tunamwinamia mara moja."

"Mara mbili ni maiti." Ma alikuna shingo. "Mwizi gani huyu anayeipigia mali magoti kabla ya kuiba? Alama za vidole je?"

"Hakuna. Alivaa glavu za pamba, kama wanavyovaa wote humu."

"Lakini kiganja ni cha kushoto, afande. Maana yake cha kulia kilikuwa juu yake. Hivyo huinama wanawake. Sisi wanaume cha kushoto ndicho hukaa juu." Ma alitabasamu kama aliyekwisha kupandishwa cheo. "Nimlete Bi. Seol?"

"Mlete."

Seol Gyeong-ran alisimama kizingitini amekunja mikono kifuani.

"Uliinama humu ndani?" Tak aliuliza.

"Mimi? Mimi ni mlokole, afande. Siinamii wafu. Hata kwenye msiba wa baba mkwe nilisimama wima kama nguzo, na mama mkwe hajanisemesha mpaka leo. Nendeni mkamuulize. Akinisifia, basi nimeiba!"

Ma alikohoa kuficha kicheko. Tak alikuwa anatazama mikono ya Seol. Midogo. Kiganja cha vumbini kingeimeza yote miwili.

"Bwana Pyo ana msiba?"

"Hana. Mama yake yu hai, mzee sana."

"Na baba yake?"

"Hilo hatulijui. Sisi wengine tunaomba ruhusa kwenda kuwafanyia wazee wetu tambiko, yeye hajawahi. Ukimuuliza anasema baba yuko safarini. Safari gani hiyo, maisha mazi..." Seol aliikata kauli mwenyewe. Mkono ulimwenda mdomoni.

Tak alimgeukia Ma. "Sajini, mwanamume hugeuza mikono lini?"

Tabasamu lilimtoka Ma. "Siku za matanga, afande. Msiba ukiwa mbichi. Kwenye tambiko la kila mwaka tunarudisha kushoto juu."

"Basi tunamtafuta mwanamume aliyefiwa juzi."

Pyo Gi-taek alikuwa ofisini mwake, tai imenyooka, meza haina hata karatasi.

"Umeipata, Inspekta?"

"Karibu. Kesho familia zitasimama mbele ya tume mikono mitupu."

"Inasikitisha."

"Baba yako alifariki lini?"

Pyo alilegeza tai.

"Jumatatu," alisema.

"Jumatatu hii?"

"Kwangu mimi amekufa Jumatatu, nilipofungua sanduku. Wa tatu kutoka kushoto. Sikuwahi kumwona. Mama aliichoma picha yake kwa kuwaogopa askari. Lakini uso ule, Inspekta, ndio ninaounyoa kila asubuhi."

"Picha inamshtaki muuaji wake, nawe unaificha!"

"Kesho itakuwa kwenye kila gazeti. Na mama kila jioni anapakua wali wa baba, anafunika bakuli, analilaza chini ya blanketi kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, lisipoe. Kila jioni, tangu mimi nabebwa mgongoni! Nimwambieje kwamba alipoanza kumsubiri, mwenye wali alikwisha kupigwa risasi?"

Tak alipiga meza. "Na mama wengine? Wao hawapakui? Wanaume wa handaki zima umewazika mara ya pili!"

"Najua," Pyo alisema. "Nimeiba. Andika hivyo. Iko nyumbani, nyuma ya kabati la mama."

Ma alichomoa pingu na kumgeuza. Tak alimshika mkono.

"Usimfunge mikono nyuma. Huyu, hapana."

Jioni ilikuwa imeingia walipofika. Kabati lilikuwa limesogezwa, na ufagio umeegemezwa ukutani. Bibi kizee alikuwa ameketi sakafuni, picha mapajani.

"Mama," Pyo alisema, akapiga magoti.

"Mwanangu, ulitaka niendelee kulilisha blanketi mpaka lini?"

Hakungoja jibu. Aliiegemeza picha ukutani. Alilivuta bakuli kutoka chini ya blanketi, akalifunua, mvuke ukapanda. Kisha akachukua kijiko, akakisimika wima katikati ya wali, kama wanavyowekewa wafu tu.

Aliinama usawa wa uso wa tatu kutoka kushoto.

"Kula kwanza, baba Gi-taek," alisema. "Kesho una maneno ya kusema."