Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Haya yalimfika Hashim, mume wa mdogo wangu Safa, nami nitayasema kama nilivyoyaona. Sitasema kwamba nilimpenda. Hashim alikuwa karani wa ghala huko Changamwe, na tangu anunue kitabu cha ufundi wa magari, hakuna mtu aliyebaki na akili machoni pake. Mafundi wote wa Utange aliwaita wagonga nyundo. Ukimsalimia, atakusahihisha. Ukimpikia, atakueleza chumvi ilivyopaswa kutiwa.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, alilolinunua kwa mjane mmoja wa Bamburi, Bi Kafedha. Haki yake nitampa: alilifufua. Kitabu wazi juu ya boneti, mikono imejaa grisi, alibadilisha breki, akasafisha kabureta, akaziba radieta iliyokuwa ikivuja. Likawaka. Kilichobaki ni mlango wa nyuma wa kushoto, usiofunguka kwa ndani wala kwa nje. Siku ya kuliuza, Bi Kafedha alimwomba jambo moja tu: mlango ule auache ulivyo.

Hashim alitusimulia ombi hilo huku akicheka kwa pua.

"Kitabu hiki nimekisoma chote," alisema. "Hakina sura ya mashetani."

Jumamosi moja, baada ya sala ya adhuhuri, mimi na Safa tulikuwa barazani kwao Utange tukichambua mchele. Jua lilikuwa kali. Hashim aliingia garini kwa mlango wa kulia, akabandua ubao wa ndani wa mlango ule mbovu, akifuata mchoro. Kisha akatuita tukaone ujinga wa watu. Kitasa kizima, springi nzima, ila kile kijiti cha chuma kinachounganisha mkono wa kufungulia na kitasa kilikuwa kimechomolewa makusudi, kikafungwa kwa kitambaa cheusi, fundo juu ya fundo. Safa alimsihi asikiguse. Hashim alimwambia arudi kwenye mchele wake, nasi tukarudi barazani.

Akakikata kitambaa kwa wembe. Akarudisha kijiti mahali pake, akatoka, akazunguka nje ili aujaribu mlango.

Hakuugusa.

Mkono wa ndani ulisogea. Taratibu. Mlango ukafunguka, ukasimama wazi. Kisha gari likainuka. Upande ule wa nyuma ulipanda, springi zikalia, kama gari linavyoinuka anaposhuka mtu mzito.

Hakushuka mtu.

Kuku waliolala kivulini wakagawanyika pande mbili, wakaacha njia katikati. Njia hiyo ilikuja moja kwa moja barazani. Ubaridi ukanipita begani. Safa akakunja miguu yake, kama ampishaye mtu aingiaye ndani.

"Springi zimechoka," alisema Hashim, akafunua kitabu kutafuta ukurasa.

Siku chache baadaye Safa alikuja kwangu Likoni na nguo zake mkobani. Alizungumza kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Dada, kuna mtu analala kati yetu. Godoro hubonyea kabla sijapanda."

Hashim alikuwa amemjibu kwamba godoro ni bovu na yeye ni mwoga. Tulimpigia simu aje kwetu kwa muda. Alisema hahamishwi nyumbani kwake na upepo.

Kwa ajili ya Safa, nilimwendea Bi Kafedha. Nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha kwa heshima, akanieleza bila kuficha. Marehemu mumewe alimpa mtu lifti karibu na machimbo ya zamani ya chokaa. Walipofika nyumbani, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini gari halikuinuka. Lilibaki limelala upande mmoja, miaka yote. Wakaufunga mlango ili abiria huyo asishuke akaingia kwao. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, ameshukia nyumba ya nani?"

Nikamwambia ni ya mdogo wangu. Akatazama chini.

"Basi amefika."

Asubuhi yake mimi na Safa tukaenda Utange. Tulimkuta Hashim amekaa chini nje ya mlango wake, hana viatu, amekonda. Mtu asiyewahi kumpunguzia yeyote sauti alijiwekea kidole mdomoni kutunyamazisha.

"Vueni viatu," alinong'ona. "Mwenyewe amelala."

Ndani mlisikika pumzi. Nzito. Ndefu. Wallahi niliisikia. Hatukuingia.

Tukamshika mkono, tukaondoka naye, tukaacha kila kitu.

Sasa anakaa nasi kwangu Shika Adabu, huku huku Likoni. Hospitali hawakumwona na ugonjwa. Hamsahihishi mtu tena, na haingii chumba chochote, hata chake, mpaka aombe ruhusa. Nilidhani nitafurahi. Sikuweza.

Ila maji anayooga hutoka meupe kama chokaa. Safa huikwangua sakafu ya bafu leo, na kesho imefunikwa tena. Juzi, juu ya weupe huo, tulikuta wayo mmoja uliokanyaga ukazama. Ni mpana kuliko wa mtu yeyote wa nyumba hii, na vidole vyake vimeelekea ndani ya nyumba.