Hakuna Aliyeniajiri

Ilikuwa saa ya mabasi ya Arusha, mwaka 2004, na duka la intaneti karibu na stendi ya Same lilijaa watu na vumbi. Asteria, gauni la kitenge cha manjano na nywele za mistari, alichungulia kompyuta ya kijana aliyekaa jirani yake, akashtuka.

"Kaka, hizo si nota za kwaya?"

"Ndizo. Natengeneza programu ya kuziandikia. Nitaigawa bure."

"Weee! Hata mimi!"

Kijana yule, Hezroni, alikuwa mwalimu wa kwaya ya Walutheri huko Mamba, juu milimani. Asteria aliimba na Wakatoliki wa Hedaru. Kompyuta yake ya mtumba baba yake aliinunua kwa kiinua mgongo, shamba la mkonge lilipobinafsishwa. Programu za kununua hakuna kwaya iliyozimudu. Mwaka mzima walikuwa wakihangaikia kazi ileile bila kujuana.

Mapenzi hayakuchelewa. Hezroni alibipu, Asteria akapiga.

"Kila siku kunibipu, bahili wewe!"

"Mshahara haujatoka, laazizi. Sauti yako ndiyo chakula changu."

"Basi shiba upesi, vocha inaisha."

Wenzao wa kujitolea katika kazi hiyo ya programu, walioandikiana barua pepe kutoka Moshi hadi Tanga, wakamchagua Hezroni kuwa kiongozi. Wiki hiyohiyo akawatangazia wote: programu ya Asteria isimame, nguvu zote ziende kwenye yake. Aliamini anaokoa kazi. Asteria mwenyewe hakumwuliza.

Asteria alilisoma tangazo. Akapiga simu.

"Hezroni, nani aliniajiri?"

"Mpenzi, programu mbili za nini? Tunapoteza nguvu."

"Nguvu ni zangu. Ungeniuliza, labda ningekubali. Sasa sisimamishi hata herufi moja!"

Akakata. Akaimaliza peke yake, akaichoma kwenye CD, akawapa makondakta wa mabasi waisambaze Lembeni mpaka Kileo. Walimu wa kwaya wakampigia kumshukuru. Hezroni naye alibipu; hakupigiwa. Wenzake wawili wakajitoa, wakisema hawakujitolea ili waamrishwe.

Jumapili moja, Asteria akitoka kanisani na wanakwaya wenzake, alimkuta Hezroni mlangoni, suti ya kijivu imegeuka nyekundu kwa vumbi la barabara.

"Nimeacha uongozi," alisema. "Tangazo nimelifuta. Nimewaandikia wote kwamba nilikosea."

"Unadhani nilitaka cheo chako?"

"Hapana. Ulitaka nikuulize."

"Na programu yangu?"

"Iendelee. Na yangu iendelee. Tuazimane kinachofaa."

"Watasema tunarudia kazi."

"Waseme! Asteria, leo nauliza, kwaya yako ikisikia: utakubali nikuoe?"

Asteria alikunja mikono kifuani, akamtazama mpaka jasho likamtoka.

"Mume nimekubali. Bosi sikuomba."

Vigelegele vikapasuka. Hezroni akamsogelea.

"Sasa ndoa tufunge kanisa gani, kwenu au kwetu?"

"Angalau umeuliza," alisema Asteria, akimpangusa vumbi begani. "Tutajibu wawili."