Upande wa Pili wa Kaseti ya Posa

"Geuza upande wa pili," alisema Mzee Methusela, mshenga.

"Si imekwisha?" Baba akauliza.

"Posa haiachwi katikati, mzee mwenzangu. Ingekuwa barua tungesoma mpaka tarehe na sahihi. Kaseti ina pande mbili. Geuza."

Jamani, ningekuwa na akili siku ile ningechomoa zile betri za redio nikazitupa chooni. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kitenge kipya, kichwa nimeinamisha kama inavyotakiwa, moyoni nacheka. Upande wa kwanza Melkiadi alikuwa amesema maneno matamu mpaka Mama akapiga kigelegele: "Wazazi wangu, mimi Melkiadi wa Kabungu, naomba mnipe Skolastika awe mke wangu." Sauti yake mwenyewe, imetoka chuo kikuu Dar es Salaam, imekuja kwa treni mpaka Mpanda. Mwaka ule wa tisini na tisa watu wa kwetu walikuwa wanatumiana salamu kwa kaseti, kwa hiyo wazee hawakuona ajabu.

Mzee Methusela, ambaye ni mjomba wake Melkiadi, akageuza. Redio ikakoroma kidogo. Halafu kikasikika kicheko cha mwanamke.

"Huyu wako wa Mpanda anatamka vizuri, bwana. Umempataje akakubali kurudia neno moja mara hamsini? Mimi kwenye somo langu la kompyuta kutambua picha, watu wanakataa hata kupigwa picha mara mbili."

"Dorotea, nilimwambia nitamuoa."

Ilikuwa sauti ileile. Ile ya posa.

"Muone! Na ukishamaliza?"

"Nimuoe mtu kwa ajili ya somo la kuchagua? Hili la kompyuta kuelewa lugha linataka sauti tu, na sauti nimepata. Yamebaki maneno ishirini. Akishanitumia, basi, ahsante na kwaheri."

"Ungechukua lile la tatu, la kuvaa kofia ya machoni uone dunia ambayo haipo."

"Lile hata mashine zake hatuna."

"Na mimi pete unanivalisha lini?"

"Tukishavaa majoho, mpenzi."

Wakacheka wote wawili. Nadhani walikuwa wanajaribu kinasa sauti wakasahau kukizima, halafu yeye akaichukua kaseti akidhani upande ule ni mtupu. Baba alinyoosha mkono akazima.

Lile somo la tatu, la dunia ambayo haipo, mimi ndiye niliyelisoma, tena bila kujiandikisha.

Mzee Methusela akasimama.

"Mzee mwenzangu, sina uso. Yule ni mtoto wa dada yangu, lakini simpigii simu wala simwandikii. Atakachofanyiwa na binti yako, mimi sijui."

Akavaa kofia yake akaondoka, soda hakuigusa.

Niwaambie ilivyokuwa. Likizo iliyopita Melkiadi alikuja nyumbani na kinasa sauti na karatasi yenye maneno sitini: maji, homa, kesho, mtoto, mengi tu, ndiyo na hapana zikiwa mwishoni. Alinisikia nasoma somo kanisani akasema sauti yangu ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Tulikaa kwenye ghala la Mama katikati ya magunia ya mahindi, maana alisema magunia yanameza mwangwi. Ananishika mkono, mimi nasema "maji", yeye anaweka alama. Maji. Alama. Maji. Alama. Mara hamsini. Tulifika neno la arobaini likizo ikaisha.

"Siku moja mkulima ataongea na kompyuta nayo imwelewe," aliniambia. "Na sauti ya kwanza itakayosikia ni ya mke wangu."

Nani angekataa? Na wakati huo nyumbani kulikuwa na posa nyingine imekaa miezi saba, ya Isidori wa Inyonga, mfuga nyuki. Nilimwita mwenyewe nikamwambia, "Kaka, mimi naolewa na mtu wa kompyuta. Wewe katafute wa mizinga mwenzio." Akanitazama, akapanda baiskeli yake. Nililisema lile neno mbele ya rafiki zangu, nao wakacheka. Nami nilicheka.

Wiki moja baada ya kaseti, Jumapili, Isidori akaja. Mama alinisukuma mgongoni.

"Nenda mwanangu. Jishushe. Mungu anakupa nafasi."

Nikatoka na tabasamu langu lote.

"Karibu Isidori. Karibu ndani."

"Sikai. Nimesikia yaliyokupata, pole sana."

"Ahsante. Isidori, kuhusu yale niliyokuambia..."

"Nimekuja uambiwe na mimi, usisikie barabarani. Namuoa Lidia, binti wa baba yako mdogo. Jumamosi baada ya Pasaka."

"Lidia? Lidia wetu?"

"Lidia wenu."

"Ungenisubiri kidogo tu!"

"Nilisubiri miezi saba, Skolastika. Ukanituma nikatafute wa kufanana na mimi. Nimetafuta."

Alisema polepole, hana hasira, na hapo ndipo aliponiua. Angenitukana ningepata pa kushika. Nililia mpaka kamasi, mbele yake, nimeshika usukani wa baiskeli, naye akanitoa vidole kimoja kimoja akaondoka. Kwa mara ya kwanza nikajiona nilivyo. Kumbe tofauti yangu na Melkiadi ni kwamba mimi nilimcheka mtu machoni pake.

Jumatatu tarishi wa ofisi ya simu akaja kuniita. Simu kutoka Dar.

"Skola, mpenzi! Kaseti ya posa ilifika?"

"Ilifika."

"Wazee wamesemaje?"

"Wamesikiliza mpaka mwisho."

"Wamefurahi?"

"Mama alipiga kigelegele."

"Si nilikuambia? Sasa mama, sikia. Yale maneno ishirini yaliyobaki. Mtihani wa kuonyesha kazi umekaribia, nimebanwa vibaya. Orodha unayo, kinasa sauti nilikuachia. Fuata mpangilio wa karatasi, usiruke hata neno moja. Utaniwahishia na treni ya Jumatano?"

"Utasikiliza kabla ya kuingiza kwenye mashine?"

"Ah, nitapata wapi muda? Najua wewe hukosei. Nakata tu kila hamsini naingiza."

"Unanipenda, Melkiadi?"

"Sasa hilo nalo swali? Fanya haraka basi, simu inakula."

Nikarudisha mkonga wa simu taratibu. Palepale nikajua la kufanya.

Niliingia ghalani kwa Mama na ile karatasi. Penye "hapana" nikasema "ndiyo" mara hamsini, penye "ndiyo" nikasema "hapana". Penye "kulia" nikasema "kushoto". Penye "mgonjwa" nikasema "mzima", na penye "fungua" nikasema "funga". Maneno yote ishirini, kila moja na kinyume chake, niliyapindua, tena kwa sauti ile nzuri ya kanisani, bila kukwama. Mama alisimama mlangoni akanisikiliza.

"Skola, hiyo ni dhambi."

"Najua."

"Huyo kijana atafeli."

"Mama, niache nimalize."

Kaseti ikapanda treni ya Jumatano.

Melkiadi alikuja mwezi wa nane, bila barua wala mshenga. Amekonda, shati linampwaya. Nilikuwa naanua nguo.

"Skolastika, nimeshindwa kuelewa," alisema hata kabla ya salamu. "Yale maneno arobaini mashine iliyapata. Mwalimu wangu anatabasamu. Nikaingia kwenye ishirini ya mwisho, mbele ya jopo zima na mgeni kutoka Ulaya. Nasema fungua, yenyewe inaandika funga. Nasema hapana, inaandika ndiyo. Ukumbi mzima wanacheka. Dorotea... yaani, mwenzangu mmoja... tulikuwa tunaonyesha pamoja, picha zake na sauti yangu. Tumefeli wote. Narudia mwaka."

"Dorotea hajambo? Ameshavaa pete?"

Rangi ikamtoka.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Upande wa pili wa kaseti ya posa. Baba alisikia, Mama alisikia, mjomba wako alisikia. Mpaka hapo mlipocheka."

Akakaa chini kwenye vumbi. Kweli, akakaa.

"Kumbe yale maneno..."

"Nilikosea kwa makusudi. Neno moja moja. Ungesikiliza hata dakika mbili ungejua. Hukunisikiliza hata siku moja, Melkiadi. Ulikuwa unahesabu."

"Umeniharibia maisha!"

"Ndiyo."

"Dorotea hana kosa kiasi hicho! Baba yake amemkatalia kurudia, amemrudisha kwao!"

"Alicheka."

"Skola, una roho ya namna gani wewe?"

"Ya mtu uliyemtafuta mwenyewe kanisani."

Akapiga magoti, akanishika pindo la kitenge.

"Basi tumelipana. Dorotea hataki kuniona. Nilikuwa mjinga. Nikuoe kweli sasa, mbele ya wazazi wako, hata leo. Nakupenda."

Nyie mnaosoma hapa, msinidanganye kwamba mngecheka. Moyo uliruka. Miezi yote ile, baada ya yote yale, moyo wangu bado uliruka kwa yule mwanaume. Nilimchukia kwa ajili hiyo kuliko kwa ile kaseti.

"Inuka," nikasema.

Akainuka, macho yamejaa matumaini.

"Treni inaondoka saa ngapi?"

"Jioni. Skola, tafadhali. Isidori ameshaoa, nimesikia stesheni. Hapa mjini kila mtu anajua kilichokupata. Nani atakuja kukuoa?"

"Hakuna."

"Sasa umepata faida gani?"

"Sijapata kitu, Melkiadi. Nimehakikisha tu na wewe usipate."

Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, akaondoka bila kuaga. Nilimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mdomo ulifunguka nimwite, nikaushika kwa mkono.

"Umemsamehe?" Mama akauliza toka jikoni.

"Hapana."

"Na wewe umejisamehe?"

Nikaendelea kuanua nguo.