Ndege Iliyopima Hewa ya Kiganjo

Kila siku Wavinya alichemsha maharagwe nje ya mlango wake huko Kiganjo, Thika. Alitumia jiko la makaa. Wafanyakazi wa viwandani walipotoka kazini walinunua kwake. Mama mkwe wake, Ngina, aliketi kando akichagua mawe kwenye maharagwe. Wavinya alimwita Mwaitu, yaani mama, na hakumwita hivyo kwa adabu tu. Alimpenda.

Wiki moja ya baridi, ndege ndogo ilianza kuzunguka chini chini juu ya mji. Hakuna aliyekuja kueleza ni ya nini. Mtu asipoambiwa hujiambia mwenyewe, na wapangaji wote wa ploti ile wakajiambia uongo.

"Hiyo ndege inapiga picha ya moshi," alisema jirani yake, Ngendo. "Wakiona jiko lako nje, unafukuzwa."

"Nani amesema?"

"Kila mtu anasema."

Jioni hiyo ndege ilisikika tena. Majiko yote yakaingizwa ndani. Wavinya naye akaingiza lake, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa tambara ili moshi usitoke.

"Leo hapa ndani kuna joto," alisema Mwaitu akijifunika blanketi. "Asante, mwanangu."

Wavinya alienda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, maharagwe yalikuwa yameiva, makaa hayakuwa na moshi hata kidogo, na Mwaitu alikuwa amelala. Alimwita. Alimtikisa. Mwaitu alikuwa amekata roho.

Wakati wa matanga alikuja mwanamke mmoja kutoka Ruiru, jina lake Aketch. Alikuwa amesikia habari za msiba na za jiko lililoingizwa ndani.

"Pole sana, mama," alisema. "Mimi hufanya kazi kwa ile ndege."

Wavinya alimtazama kwa hasira.

"Basi niambie. Mlikuwa mnatafuta jiko langu?"

"Hapana. Tunapima hewa ya mji mzima. Kuna kifaa kinapima miale ya infraredi. Ni mwanga ambao macho hayauoni. Ukiketi karibu na moto, ngozi inausikia kama joto. Kila gesi tunayopima hunyonya sehemu yake ya mwanga huo. Kifaa kinaangalia ni sehemu gani imepungua, na imepungua kiasi gani. Hapo tunajua ni gesi gani iko hewani, na ni nyingi vipi. Hatuwezi kujua ni jiko la nani."

"Na Mwaitu aliuawa na nini?"

"Gesi inaitwa kaboni monoksidi. Makaa yanaitoa hata moshi ukiisha. Haina rangi, haina harufu. Nje, upepo unaitawanya. Ndani ya nyumba iliyofungwa inajaa. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, analala, haamki."

"Ndege yenu inaipima hiyo?"

"Ndiyo. Ni moja ya zile tunapima."

"Mnaipima huko juu," alisema Wavinya, "na huku chini inatumaliza. Mbona hamkutuambia?"

"Tuliweka tangazo kwa mtandao."

"Kwa Kiswahili?"

Aketch aliinamisha kichwa. "Kwa Kiingereza," alisema.

Baada ya mazishi, Wavinya alipiga moyo konde akapita mlango kwa mlango. "Jiko la makaa likae nje," aliwaambia. "Usilale nalo ndani, hata kama ni baridi. Ukisikia kichwa kinauma na jiko liko ndani, fungua mlango, toa watu wote nje, kisha mkimbie hospitali."

Baridi haikuwa imeisha. Asubuhi moja Ngendo alimjia akiwa amewashika watoto wake mikono.

"Nilikuwa nimesahau jiko ndani," alisema. "Kichwa kikaanza kuniuma, nikakumbuka maneno yako. Nikawatoa. Daktari amesema tumepona."

Wavinya aliwakumbatia watoto mmoja mmoja. Alifurahi kweli. Kisha aliingia ndani akalia sana. Maneno yaliyowaokoa yalikuwa machache, na mtu angeweza kuyasema kabla ya ndege kuruka.